Sare ya Mikono Mirefu

Nyumbani kwetu siku huanza kwa mlio wa cherehani. Mama ni fundi wa nguo, na cherehani yake iko chumba cha mbele, chini ya dirisha, mahali penye mwanga. Kabla sijafunga kamba za viatu vya shule, lazima niwe nimeokota pini zote sakafuni kwa sumaku, nimefagia nyuzi, na nimetenga vitambaa vilivyobaki. Vipande vikubwa huenda kwenye kapu, vidogo kwenye mfuko wa kujazia mito. Kazi hiyo naifanya nikiongea. Naongea nikifagia, naongea nikipiga mswaki, na ndiyo maana mama alinipa jina la Redio.

"Redio, punguza sauti," huniambia akiwa na pini mdomoni. "Nikimeza pini hii, gauni la watu utalimalizia wewe."

Mwaka ninaousimulia nilikuwa darasa la sita. Shuleni kwetu kila Ijumaa, kabla ya mapumziko, mwanafunzi mmoja wa darasa letu alikwenda chekechea kuwasimulia watoto hadithi. Wenzangu waliiona kama adhabu. Mimi nilianza kuisubiri Ijumaa tangu Jumatatu. Basi wakaanza kuniachia zamu zao, mmoja baada ya mwingine, mpaka Ijumaa zote zikawa zangu. Sitaki kusema uongo: nilikuwa najisikia sana.

Siri yangu ilikuwa vikaragosi. Nilivishona mwenyewe kwa vitambaa vya kapu la mama, vya kuvaa mkononi, vyenye macho ya vifungo. Baba wa hadithi alikuwa wa khaki, mama alikuwa wa kahawia, watoto walikuwa wa maua maua. Zimwi nilimshona kwa bitana nyeusi, ile inayowekwa ndani ya makoti. Mtu angeniuliza kwa nini nyeusi, ningemjibu kwamba ndiyo iliyokuwepo. Haikuwa kweli. Kapuni kulikuwa na kijani, na bluu, na nyekundu ya kumwaga. Mkono wangu ulikwenda moja kwa moja kwenye nyeusi, wala sikujiuliza.

Watoto wa chekechea walikuwa ishirini na wanane. Mbele kabisa, karibu na magoti yangu, alikaa msichana mdogo tuliyemwita Kijiko. Siku yake ya kwanza shuleni alikuja ameshika kijiko cha kwao ngumini, na hakukubali kukiachia hata kwa pipi. Mwalimu wa chekechea alikifunga kamba akamvisha shingoni, akasema, "Haya, karibu darasani, Kijiko." Watoto wakacheka, yeye mwenyewe akacheka, na jina likamkaa.

Baba yake alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Yeye, mkewe na mtoto wao huyo mmoja walikuwa wamehamia mtaani kwetu mwaka huohuo kutoka mbali. Ngozi zao zilikuwa nyeusi kuliko zetu. Sisi wenyewe si weupe hata kidogo, lakini mtaani watu waliwaita "wale weusi", utadhani sisi tumepakwa maziwa. Mwenye duka la kona alimhudumia mama yake Kijiko mwisho, hata kama alifika wa kwanza. Nyumba ya kwanza waliyotaka kupanga waliambiwa imeshapata mtu, na nyumba hiyo ikakaa tupu miezi mitatu. Hayo yote niliyaona kwa macho yangu na sikuona cha ajabu.

Ijumaa moja nilikwenda na hadithi mpya. Ilikuwa ya Zimwi anayeiba sauti za watoto na kuzifungia kwenye chupa. Nilikuwa nimewafundisha watoto kiitikio. Nilimwinua Zimwi taratibu kutoka nyuma ya meza ya mwalimu, nikauliza:

"Nani huyo?"

"Zimwi!"

"Yukoje?"

"Mweusi tii!"

"Tumwambieje?"

"Usije huku!" Na hapo wote walikanyaga sakafu kwa miguu mpaka madirisha yakatetemeka.

Katikati ya kelele hizo mtoto mmoja alisimama. Alikuwa mwana wa mwenye duka la kona, na kwa vile kichwa chake kilinyolewa kila wiki tulimwita Kipara. Alinyoosha kidole. "Amefanana na Kijiko!"

Darasa likaangua kicheko. Kijiko naye akacheka, kwa sababu alidhani ni mchezo. Hapo ningeweza kusema neno moja tu na jambo likaisha. Lakini mimi nilikuwa mtu wa kupenda kuchekesha, na nikishapata kicheko kimoja nilitaka cha pili. Nikamwinamisha Zimwi mpaka usoni pa Kijiko, nikasema kwa ile sauti yangu nzito, "Ah! Mdogo wangu! Kumbe uko huku? Mama anakutafuta nyumbani!"

Sijawahi kuchekesha watu namna ile. Watoto walijilaza chini wakishika matumbo. Hata mwalimu, aliyekuwa nyuma akisahihisha madaftari, aliinua kichwa akatabasamu, ingawa hakusikia nilichosema. Kijiko aliacha kucheka. Alimtazama Zimwi, akautazama mkono wake mwenyewe, kisha akaufunika kwa mkono wa pili. Nilimwona. Nikaendelea na hadithi.

Ijumaa iliyofuata Kijiko hakukaa mbele. Alikaa karibu na mlango, na kijiko hakikuwepo shingoni. Wakati wa mapumziko niliwaona watoto wameshikana mikono kufanya duara la mchezo. Kijiko alipofika, wawili waliokuwa karibu naye walificha mikono yao mgongoni. Kisha nikasikia maneno yangu mwenyewe, neno kwa neno, na kwa sauti nzito kama yangu: "Mweusi tii! Usije huku!" Nikajiambia kwamba wale ni watoto, kesho watasahau. Niliondoka haraka kwenda kunywa maji, na wala sikuwa na kiu.

Wiki ya tatu Kijiko hakuonekana kabisa. Nilipomuuliza mwalimu, alisema, "Nadhani anaumwa. Baba yake ameomba ruhusa."

Jumamosi yake asubuhi mtu alibisha hodi kwetu. Alikuwa yule fundi wa kuchomelea, amevaa shati lililotobolewatobolewa na cheche za moto. Nyuma ya mguu wake alijificha Kijiko, amevaa sweta, na jua lilikuwa kali.

"Karibu, baba. Karibu uketi," mama alimwambia.

"Asante, mama fundi, sitakaa. Nimeleta sare ya mtoto. Naomba uitoe mikono hii mifupi uweke mirefu. Ifike hapa." Aligusa kifundo cha mkono wake.

Mama aliigeuza sare, akaangalia mishono. "Kitambaa kama hiki ninacho. Lakini baba yangu, joto lote hili? Wenzake wote wanavaa mikono mifupi."

"Najua, mama."

"Haya. Njoo nikupime, mwanangu. Tuvue hilo sweta."

Mtoto hakusogea. Baba yake alipiga magoti akamvua mwenyewe, mkono mmoja kwanza, kisha wa pili, polepole. Mikono yote miwili ilikuwa imefungwa bandeji kutoka kwenye kifundo hadi kwenye kiwiko. Juu ya bandeji ngozi ilikuwa imechubuka.

Mama alibaki ameshika futi ya kupimia. "Jamani! Ameungua?"

"Msasa," alisema yule baba.

"Msasa gani?"

"Msasa wangu wa kazini." Alikuwa anasema na sakafu, si na mama. "Mimi nikinunua chuma, kinakuja cheusi, kina kutu. Nakisugua na msasa mpaka king'ae, ndipo nakichomelea. Yeye hukaa pembeni akinitazama. Siku moja akaniuliza, 'Baba, na watu wakisuguliwa wanang'aa?' Nikacheka, mama. Nilidhani ananitania. Nikamwambia, 'Jaribu uone.'" Alilikunja lile sweta mkononi. "Mama yake alimkuta bafuni. Muuguzi wa zahanati amesema kovu litabaki."

Mimi nilikuwa chini ya meza ya kukatia, nikiokota pini. Nilibaki hapohapo nimeshika sumaku.

Mama alipima. Alipima kwa uangalifu, akinyanyua mkono wa mtoto kwa vidole viwili tu. Alipomaliza alichukua kipande cha karatasi. Kila nguo inayoingia kwetu hubandikwa karatasi yenye jina, isije ikachanganywa na nyingine. Nadhani alitaka kumchangamsha mtoto, maana aliinama akamwuliza kwa furaha ya kujilazimisha, "Na mrembo huyu tumwandike nani? Niambie mwenyewe."

"Zimwi," alisema Kijiko.

Alilisema kama mtoto yeyote anayetaja jina lake. Hakulia. Baba yake alifumba macho.

"Ndivyo wanavyomwita shuleni," alisema. "Kuna mwanafunzi mkubwa, msimulizi, huenda kwao na zimwi jeusi. Alimwambia mtoto wangu kwamba ni mdogo wake. Sijui ni nani. Nimembembeleza anitajie, hataki."

Kijiko alikuwa ananitazama. Alinitazama moja kwa moja pale chini ya meza, na macho yake hayakuwa na hasira. Alijua. Alikuwa anasubiri kuona kama nitasema. Mimi, Redio wa darasa la sita, sikusema hata neno moja.

Walipoondoka mama aliandika kwenye karatasi "binti wa fundi wa kuchomelea", akaibandika kwenye sare. Alikaa kwenye cherehani lakini hakuendesha. "Leo Redio imezimwa?" aliniuliza bila kugeuka.

Nilikwenda chumbani, nikaleta mfuko wangu, nikamtoa Zimwi nikamweka juu ya meza ya kukatia. Mama alimchukua, akamgeuza ndani nje kama anavyoigeuza kila nguo, akapitisha kidole kwenye mshono. Nikamweleza yote. Kiitikio, Kipara, sauti nzito, kicheko. Nilipofika kwenye kicheko nilianza kulia, naye hakunibembeleza.

Nilidhani atanichapa. Ningefurahi angenichapa. Badala yake alimrudisha Zimwi upande wake wa nje.

"Mara ngapi nimekuambia usicheze juani, utakuwa mweusi?" aliuliza.

"Mara nyingi."

"Na wateja wangu? Nawaambia, 'Chukua rangi hii, itakung'arisha, ile itakutia weusi.' Nasema hivyo kila siku, wewe umekaa hapo unaokota pini." Alimweka Zimwi chini. "Hukuyatoa hewani, mwanangu. Umeyapata humu ndani. Lakini usije ukajificha nyuma yangu. Mdomo uliomwambia mtoto yule ni wako. Jumatatu tunakwenda kwa baba yake."

Jumatatu baada ya masomo tulikwenda. Karakana yake ilikuwa banda la mabati lenye fremu za madirisha zilizoegemezwa ukutani. Tulisimama mbali mpaka cheche zikaisha. Alipovua kinyago cha kazi, uso wake ulikuwa na jasho. Kijiko alikuwa amekaa juu ya debe lililopinduliwa, amevaa sweta, anachora kwa chaki kwenye kipande cha bati. Karibu naye kulikuwa na rafu ya vifaa, na niliona kwamba msasa wote ulikuwa umehamishiwa rafu ya juu kabisa, mahali pasipofikiwa na mtoto.

"Baba, shikamoo. Msimulizi ni mimi," nilisema. Nilikuwa nimejipangia maneno mengi njia nzima, na hayo tu ndiyo yaliyotoka.

Hakuitikia salamu. Alivua glavu moja, kisha ya pili. Alimtazama mama, akanitazama mimi.

"Nimekosa, baba. Naomba unisamehe."

"Mimi hukunifanyia kitu," alisema. "Mimi nimeitwa majina na watu wazima tangu nafika mtaa huu, nimezoea. Nilidhani watoto bado." Akaonyesha kwa kidevu. "Yule pale. Mwombe yeye."

Nilichuchumaa mbele ya debe. "Kijiko, nisamehe. Wewe si mdogo wake Zimwi. Nilisema uongo ili watu wacheke."

Aliendelea kuchora. Alichora mstari, akaufuta kwa ncha ya mkono wa sweta, akachora mwingine. Nilingoja mpaka miguu ikafa ganzi. Hakunijibu siku hiyo, na sikustahili kujibiwa.

Mwalimu wa chekechea nilimwambia siku iliyofuata. Alisikiliza akiwa amesimama, kisha akakaa kwenye kiti kidogo cha mtoto. "Nilikuwa nyuma pale," alisema. "Na nilitabasamu." Akauma mdomo. "Unajua jambo hili linaitwaje? Ni ubaguzi wa rangi. Nilidhani watafundishwa wakifika madarasa ya juu, wakiwa wameshajua kusoma. Kumbe wenzangu mmeshawafundisha kubagua."

Nilimwomba Ijumaa moja ya kurekebisha. Alikubali, na Kijiko alikuwa arudi shuleni siku hiyohiyo.

Nilishinda vipindi vyote nikiwaza hadithi, jioni nikashona. Mama alinipa kitambaa cheusi kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo, kilichobaki kwenye gauni la bibi harusi mmoja wa mtaani, chenye mng'ao kidogo. Nilimshona msichana shujaa mwenye macho ya vifungo vya lulu. Katika hadithi yangu ndiye angeingia pangoni, avunje chupa na kurudisha sauti zote. Nilimpenda kuliko kikaragosi chochote nilichowahi kutengeneza. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba mambo yatakwisha.

Ijumaa ilipofika nilijificha nyuma ya meza, nikamwinua shujaa wangu.

"Mweusi tii! Usije huku!"

Sikuwa nimefungua mdomo. Walikanyaga sakafu, wakapiga makofi, nyuso zao zimejaa furaha kwa sababu walidhani wananisaidia. Nilisema, "Hapana, huyu ni mwema." Wakaitikia, "Usije huku!" Nilibadilisha sauti, nikaimba, nikamfanya acheze. Kila alipochomoza tu walianza upya. Shujaa wangu hakupata nafasi ya kusema hata jina lake. Nilipotazama mlangoni, Kijiko alikuwa ameshatoka. Alisimama nje juani, na alikuwa ameivuta mikono mirefu ya sare yake mpaka kwenye vidole.

Nilirudi nyumbani nimekata tamaa. "Nitamshona Zimwi mweupe," nilimwambia mama. "Mweupe kabisa, wamchoke."

"Mle darasani hakuna mtoto mweupe kuliko wenzake?"

Nilifikiri. Alikuwepo mmoja, mwenye nywele za rangi ya mchanga, mpole, hukaa dirishani. Sikumaliza kusema. Mama alikuwa ameshageukia cherehani yake.

Wiki iliyofuata nilikwenda chekechea bila mfuko. Nilikaa kwenye kiti, mikono yangu mitupu magotini. Watoto waliulizana vikaragosi viko wapi. Nikawaambia kwamba leo kuna Zimwi mmoja tu, na amekaa mbele yao, amevaa sare ya darasa la sita. Walicheka wakidhani mzaha. Nikaendelea. Nikawasimulia juu ya msichana aliyependa kuchekesha watu, akamwambia mtoto mdogo maneno mabaya juu ya ngozi yake, na watu wote wakacheka. Nikawaambia jinsi wenzake walivyoficha mikono yao mgongoni. Nikawaambia kwamba mtoto alikwenda nyumbani akajisugua mpaka damu ikatoka, kwa sababu alitaka wamshike mkono. Sikutaja jina. Haikuhitajika.

Hakuna aliyekanyaga sakafu. Mtoto mmoja alianza kulia. Kipara ndiye aliyenyoosha mkono.

"Zimwi alimwomba msamaha?"

"Alimwomba."

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu."

Kipara alikunja uso, akafikiri. "Mama amesema ule ulikuwa utani tu."

"Najua," nilimwambia. "Hata Zimwi alidhani ni utani."

Kuanzia siku hiyo kiitikio hakikusikika tena, angalau mwalimu akiwa karibu. Mwalimu aliwaita wazazi kuzungumza nao. Waliokuja walikuwa sita. Mwenye duka la kona alituma salamu kwamba ana kazi, na kwamba shule ifundishe kuhesabu. Kila Ijumaa nilisimulia, na kila Ijumaa niliweka hadithi moja yenye watu wa rangi mbalimbali wanaofanya mambo ya kawaida: anayepika, anayepotea njia, anayemwogopa daktari wa meno. Watoto walisikiliza. Wengine walielewa. Wengine Jumatatu walirudi na maneno mapya kutoka nyumbani kwao, nami nikaanza tena.

Jambo moja niliona karibu na mwisho wa mwaka. Watoto walikuwa wanafanya duara, na Kipara alimnyooshea Kijiko mkono. Alimnyooshea mwenyewe, hakuna aliyemtuma. Kijiko aliutazama ule mkono. Kisha akavuta mkono wa sare yake mpaka vidole vyote vikafichika ndani, akampa ile ncha ya kitambaa aishike. Kipara akaishika. Wakacheza hivyo mpaka kengele ilipolia, yeye ameshika nguo.

Mwaka ulipokwisha, Kijiko alikuwa aingie darasa la kwanza, na sare ya darasa la kwanza ni ya rangi nyingine. Alikuja kwetu na baba yake, kitambaa kimekunjwa kwapani. Bandeji zilikuwa zimeshatoka zamani. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo kwa miezi. Kila nilipolala nilijiambia kwamba sare mpya ndiyo itakayonipa jibu: akitaka mikono mifupi, basi nimemponya.

Mama alipima mabega, akapima urefu. Makovu yalikuwa yameenea mikono yote miwili. Alichukua karatasi yake.

"Tumwandike nani?" aliuliza.

Kijiko aliangalia karatasi, akaangalia kalamu. "Kijiko," alisema.

Baba yake aligeuka haraka akatazama barabarani. Mama aliliandika jina hilo kwa herufi kubwa. Mimi nikashindwa kujizuia, nikauliza kabla ya mama, "Na mikono, Kijiko? Mifupi kama ya wenzako?"

Alinijibu. Yalikuwa maneno ya kwanza kuniambia tangu ile Ijumaa. "Mirefu, dada. Ifike hapa." Na akagusa pale vidole vinapoanzia.

Walipokwenda zao nilikaa sakafuni kati ya nyuzi. "Haikusaidia kitu," nilimwambia mama. "Hadithi zote zile. Haikusaidia."

Mama alikuwa anakata kitambaa. Hakuacha kukata. "Jina limerudi," alisema. "Mikono bado. Labda itarudi akiwa mkubwa, labda hairudi kabisa. Mimi sitakudanganya. Neno ulilomwambia ulilisema mara moja, na halitoki hata ukisimulia miaka kumi. Lakini mwakani wanaingia chekechea wengine ishirini na wanane, na kila mmoja anatoka kwenye nyumba kama hii yetu. Hao bado hawajaambiwa kitu shuleni. Wewe utakwenda kuwasimulia kabla hajaja mtu mwingine kuwachekesha. Hata ukiwa darasa la saba, utaomba ruhusa, utakwenda. Na mimi humu ndani nitauchunga mdomo wangu."

Kisha alinirushia vile vipande viwili vya mikono, vimeshakatwa, vimeandikwa kwa chaki wa kulia na wa kushoto. Hakuwa amewahi kuniachia nguo ya mteja.

"Shona mwenyewe," alisema. "Mishono yote uifiche kwa ndani, uilaze vizuri. Pasiwe na mahali panapomkwaruza."